Mwanaheri na Uzio wa Mtandamboo

Shamba la Mwanaheri lilikuwa la mwisho. Juu yake yalikuwa mashamba ya ukoo mzima, yakipanda kidogo kidogo kuelekea milima ya Uluguru. Chini yake hapakuwa na shamba la mtu, ila nyasi, miiba na mbuga ya Mkata mpaka macho yachoke. Kijiji kiliitwa Mkwajuni, kando ya njia wanayopita watu wa Mgeta wakiteremsha ndizi kwenda Morogoro mjini. Kwa desturi ya Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo wa mama, na mama yake Mwanaheri alipofariki, aliyekaa kuigawa alikuwa mjomba wake, Mikidadi.

"Mjomba, mbona mimi umenipeleka kule chini kabisa?" Mwanaheri alimuuliza.

"Kwa sababu wewe una mume," Mikidadi akasema. "Kule kuna nguruwe. Panataka mwanamume."

Mwanamume mwenyewe aliitwa Salum. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na akilala amelala. Alijenga dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti la kulindia mazao, akapanda juu na bati bovu la kupiga ili awatishe nguruwe pori. Nguruwe walikuja wakala mahindi mpaka kwenye nguzo za dungu lenyewe. Kulipokucha Salum alishuka, akatazama pande zote, akasema kwamba yeye alivyosikia, kulikuwa shwari.

Miaka ile Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakileta reli kutoka Dar es Salaam. Ilipofika Morogoro wakatafuta watu wa kuisogeza mbele kwenda Kilosa. Salum alisema atakwenda mpaka masika tu, kisha atarudi na kitambaa kizuri. Walikuwa na huzuni nyumbani wakati huo. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amefariki kabla hajaanza kutambaa, na pengine Salum alitaka kuwa mahali ambapo hakuna mtu atakayemtazama kwa huruma. Mwanaheri alimfungia mahindi ya kukaanga, akamsindikiza mpaka njia panda.

Masika yalikuja. Reli ilikuwa imefika Kilosa, na Salum pia. Mwaka uliofuata mtu alileta salamu kwamba yuko Gulwe. Baadaye ikasikika yuko Dodoma. Kila reli iliposogea Salum alisogea nayo, na reli ilikuwa ikienda upande mmoja tu.

Kwa muda mrefu Mwanaheri aliendelea kupika ugali wa watu wawili. Si kwamba alisahau. Aliona aibu kupunguza unga, kana kwamba majirani wangeusikia mchi unavyotwanga kidogo. Kisha siku moja akapima unga wa mtu mmoja, akala, akaosha chungu, na jambo hilo likaishia hapo.

Nguruwe hawakuishia hapo.

Aliwaomba wanaume wa ukoo wamsaidie kuzungushia shamba matawi ya miiba. Walikuja, wakakata, wakazungushia, wakala na kunywa. Miiba ile ilikaa kiangazi kimoja. Mchwa waliipanda, wakaila kuanzia chini, na mvua ilipoanza uzio mzima ulilala chini kwa pamoja kama watu walioambiwa wapumzike. Mwaka wa pili wanaume walikuja wachache. Mwaka wa tatu walisema migongo inawauma.

Ndipo Mwanaheri alipoanza kuutazama mtandamboo. Ulikuwa umeota juu ya kichuguu pembezoni mwa shamba lake, kichaka cha kimo cha mtu, chenye miiba mirefu iliyogawanyika na majani madogo mazito. Alikuwa ameuona maisha yake yote, kama kila mtu. Lakini kiangazi kile, nyasi zilipokuwa zimegeuka majivu na hata mihogo imejikunja, aliona mtandamboo ni kijani vilevile. Tena ulikuwa umetoa maua, meupe kwa ndani na ya waridi kwa nje, yananukia kama asumini. Na alipochunguza nyayo za nguruwe aliona jambo jingine. Zilikuja moja kwa moja kutoka mbugani, zikafika kwenye kichaka, zikakizunguka.

Alimwendea mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Nataka kupanda mtandamboo. Nizungushie shamba lote."

Mikidadi alikuwa akisuka ugwe. Hakuinua kichwa. "Mtandamboo haupandwi," akasema. "Ule ni mti wa porini. Ukitaka kuota unaota."

"Na mimi nataka uote pale ninapotaka mimi."

"Basi uuambie."

Mdogo wake Mwanaheri, Chausiku, aliyekuwa na shamba la juu kidogo na mbuzi wasio na adabu, alicheka mpaka akashika ukuta.

Mvua za kwanza Mwanaheri alikata matawi, akayachomeka ardhini kama watu wanavyochomeka mihogo. Kila tawi alilolikata lilitoa utomvu mweupe kama maziwa, ukamganda vidoleni. Alichomeka mstari mrefu, kutoka mkondo wa maji mpaka kwenye kichuguu. Matawi yalikaa na majani yake wiki kadhaa, na Mwanaheri akaanza kupita mbele ya nyumba ya mjomba wake bila sababu. Kisha majani yakaanguka. Vijiti vilikauka vikiwa vimesimama, na ukitazama kwa mbali ulikuwa uzio. Nguruwe walikuja wakajikunia migongo.

Mwaka uliofuata aliona ni afadhali ang'oe miche iliyojiotea yenyewe porini. Hapo alijifunza kitu kuhusu mtandamboo: mche wenye urefu wa kiganja juu ya ardhi una mzizi unaokwenda chini mara tatu ya hapo, umenyooka, na hauna nia ya kutoka. Alichimba, akavuta, mizizi ikakatika. Aliipanda hivyo hivyo. Ilikufa karibu yote. Ile michache iliyoshika ilikuwa ile iliyotoka na bonge lake la udongo, kwa sababu siku hiyo ardhi ilikuwa imelowa na yeye alikuwa amechoka kuvuta. Alilizingatia hilo.

Kisha akajaribu mbegu. Alizihifadhi kama wanavyohifadhi mbegu za mahindi, juu ya moshi wa jikoni, tangu matunda yalipoiva mpaka mvua iliyofuata. Alizipanda kwa uangalifu mkubwa. Haikuota hata moja.

"Umeuambia?" Mikidadi akamuuliza walipokutana njiani.

"Nimeuambia."

"Nao umesemaje?"

Mwanaheri alimwambia shikamoo mara ya pili na kwenda zake.

Hata hivyo alipenda kula yale matunda. Yakiiva huwa meusi yenye wekundu ndani, matamu, na huacha midomo kama ya mtu aliyekunywa wino. Alizoea kukaa nyuma ya nyumba, penye kivuli cha mchongoma, mahali alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo, akawa anakula na kutema mbegu. Alikuwa akitema kwa hasira, maana kila mbegu ilimkumbusha zile zilizokataa. Mvua za vuli zilipoanza kunyesha alikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji, na akakuta ardhi pale imejaa vimche vya mtandamboo, vingi kama vimemwagwa kwa pishi, vyenye majani mawili mawili yanayong'aa.

Alisimama na sufuria yake ya maji machafu. Alikuwa amehangaika miaka mitatu, na jambo lenyewe lilikuwa limefanywa na mate yake. Baadaye, alipokuwa akimsimulia Chausiku, alisema hakujua acheke au alie, kwa hiyo alimalizia kuosha vyombo.

Kuanzia hapo alifanya kwa mpango. Alichuma matunda yaliyoiva kabisa, yale yanayoanguka ukiyagusa tu. Aliyakamua ndani ya maji, akazisugua mbegu mpaka utelezi na utomvu vyote vikaondoka, akazianika kivulini mpaka zikauke kwa juu tu, na kesho yake akazipanda bila kungoja, kwa sababu mbegu ya mtandamboo ikizeeka haifai tena. Kitalu alikitengeneza pale pale nyuma ya nyumba, udongo uliochanganywa na mchanga wa mtoni na samadi iliyooza. Alifunika mbegu kwa udongo mwembamba, akaweka kichanja cha nyasi juu yake ili jua lipite kwa kuchuja. Akanyunyizia maji kwa kata, kidogo, kila jua lilipoanza kushuka. Baada ya nusu mwezi hivi zikaanza kujitokeza.

Tatizo lilikuwa mzizi. Hakutaka kuuvunja tena. Hapo ndipo Stambuli alipoingia katika habari hii.

Stambuli alikuwa mchuuzi wa ndizi kutoka Mgeta, mjane aliyefiwa na mke, mtu mrefu mwenye maneno machache na miguu iliyozoea kuteremka. Alipita Mkwajuni na mzigo wake kila wiki ya soko, na siku hiyo aliomba maji ya kunywa. Alikuta Mwanaheri amechuchumaa mbele ya kitalu.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Mtandamboo."

Stambuli alikunywa maji. Mwanaheri alingoja acheke.

"Ni mwingi," Stambuli akasema.

"Nataka kuuhamishia kwenye vyombo virefu, kila mche na chake, mpaka masika. Sina vyombo."

Safari iliyofuata Stambuli aliteremka na mzigo wa ndizi kichwani na mzigo mwingine mgongoni, mkubwa kuliko wa kwanza, wa magome makavu ya migomba. Aliutua, akaonyesha namna ya kuyakunja yawe kama mfuko mrefu na kuyafunga kwa kamba ya mgomba huo huo. Kisha akasema kwaheri. Hakusema kwa nini ameyabeba kutoka Mgeta.

Masika yaliposhika vizuri Mwanaheri alihamisha miche shambani. Alichimba mashimo ya kufika gotini, mistari miwili, mche wa mstari wa pili ukiangalia nafasi ya mstari wa kwanza, hatua moja baina ya mche na mche. Aliutia kila mmoja na mfuko wake wa mgomba, ambao ungeoza wenyewe ardhini. Kiangazi cha kwanza aliimwagilia kidogo, mara moja moja, kwa kibuyu. Ile aliyoipanda karibu na mkondo wa maji, ambayo aliihurumia zaidi na kuimwagilia zaidi, ilianza kugeuka njano na kuoza mizizi. Iliyokuwa kwenye changarawe, ambayo aliisahau, ilistawi. Baada ya hapo hakuimwagilia tena hata mmoja.

Mbuzi wa Chausiku walikula mstari mzima wa upande wa juu.

"Umesema una miiba," Chausiku alijitetea, akiwa amemshika beberu mmoja pembe. "Mimi nilijua unajilinda."

"Ni mtoto, Chausiku. Miiba yake bado laini."

"Sasa mimi nitajuaje umri wa mti?"

Hawakusemeshana mpaka Idi. Siku ya Idi Chausiku alimletea sahani ya wali, akaenda nyuma ya nyumba, akabeba miche bila kuulizwa, akaipanda mwenyewe pale mbuzi walipokula. Kisha akawafunga mbuzi, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Uzio ulipofika magotini Mwanaheri alianza kuukata ncha. Watu waliona ni wazimu, mtu kulea mti miaka kisha kuukata kichwa. Lakini tawi likikatwa hutoa mawili, na mawili yakikatwa hutoa manne, na yeye alitaka uzio uanzie chini, kwa sababu nguruwe haruki. Ulifika kiunoni, ukafumana. Wakati wa maua shamba zima lilinukia, na nyuki walikuja kwa wingi hata Mwanaheri akawa anapalilia amejifunika kaniki.

Asubuhi moja alizikuta nyayo. Nguruwe walikuwa wamekuja kutoka mbugani kama kawaida yao, wamefika kwenye uzio, wamepapasa hapa, wamechimba kidogo pale, wakafuata uzio mpaka mwisho. Kisha wakapanda juu, kwa Mikidadi.

Mjomba alikuja akiwa amekasirika.

"Nguruwe wako wamemaliza mahindi yangu!"

"Si wangu, mjomba. Walipita tu."

Kikao cha ukoo kikaitishwa. Mikidadi alieleza kwamba tangu enzi za mabibi nguruwe wa Mkata walikuwa wakila kwenye shamba la mwisho, wanashiba, wanarudi. Huo ndio ulikuwa utaratibu. Sasa mtu mmoja amefunga mlango na taabu imehamia kwa wengine. Alitaka uzio ufyekwe, au angalau uachwe pengo.

"Pengo la nini?" akauliza Chausiku.

"La nguruwe."

Mwanaheri alikuwa na hasira, na hakupenda ionekane mbele ya watu, kwa hiyo alisema kwa ufupi.

"Mlinipa shamba la chini kwa sababu nina mume. Mume ameondoka na hakuna aliyenihamisha. Nimekula makombo ya nguruwe miaka mingi na hakuna aliyeita kikao. Uzio sifyeki. Anayetaka miche, ipo nyuma ya nyumba, nitampa na nitamwonyesha inavyopandwa."

Mzee mmoja wa kike aliyekuwa shangazi yao wote kwa njia moja au nyingine akasema shauri limekwisha, na tena njaa inamuuma. Watu wakatawanyika. Wengi wao walipitia nyuma ya nyumba ya Mwanaheri. Mikidadi hakupitia. Yeye alijenga dungu.

Kisha ukaja mwaka ambao vuli haikunyesha kabisa, na masika yakaja kama mgeni asiyetaka kukaa. Mahindi ya kila mtu yalikauka, yenye uzio na yasiyo na uzio. Watu walichimba mizizi ya porini. Mtandamboo ulizaa kana kwamba hakuna lililotokea, na Mwanaheri aliwaruhusu watoto wa kijiji wachume upande wa nje. Kijiji kizima kikawa na midomo myeusi. Ya ndani aliyachuma mwenyewe, akajaza tenga, akaenda nalo mjini kujaribu kubadilishana na chumvi na mtama.

Mjini Morogoro walikuwa wameongezeka wenye maduka wa Kihindi tangu reli ifike. Mmoja aliitwa Noordin. Mwanaheri alitua tenga lake barazani pake, Noordin akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hii hapana nunua mtu hapa, mama. Matunda ya porini."

Kutoka ndani alitokea mke wake, Shirin, akiwa na mikono yenye unga. Aliangalia tenga. Akachukua tunda moja, akalipasua kwa kucha, akaona utomvu, akanusa. Halafu akakaa kwenye kizingiti, akalia.

Noordin alichanganyikiwa. Mwanaheri alichanganyikiwa zaidi. Alidhani ameleta sumu.

"Karamda," Shirin alimwambia mume wake, na mengi mengine kwa lugha yao. Kisha akafuta macho kwa kiwiko na kumgeukia Mwanaheri. "Kwetu ipo kama hii. Mama yangu alikuwa anatia achari. Tangu nimepanda meli sijaiona."

"Chukua basi, mama," Mwanaheri akasema.

"Haya yameiva. Kwa achari nataka mabichi."

"Mabichi?" Mwanaheri hakuamini. "Yale magumu? Yana utomvu, yanakaza ulimi."

"Hayo hayo."

Mwanaheri aliyaleta, kwa hadhari, akijua atalaumiwa. Shirin aliyapasua, akayatoa mbegu, akayalaza na chumvi mpaka yakatoa maji, akayatia pilipili na manjano na mafuta ya moto. Safari iliyofuata alimpa Mwanaheri aonje juu ya kipande cha chapati. Mwanaheri alitafuna, macho yakamtoka machozi, akaomba kipande kingine. Tangu siku hiyo hakukosa chumvi nyumbani, wala mtama wa kugawana na Chausiku mpaka mvua zikarudi. Akifika mjini alipitia uani kwa Shirin kabla ya sokoni, na wawili hao walikaa wakichambua matunda, kila mmoja akielewa nusu ya maneno ya mwenzake, na hiyo nusu iliwatosha.

Mwaka ambao reli ilifika Kigoma, ikawa haina tena mahali pa kwenda, Salum alirudi.

Alishuka kwenye gari la moshi Morogoro akiwa na suruali ya kaki, mwavuli na sanduku la bati. Alitembea mpaka Mkwajuni. Njia aliyoijua, ile iliyokuwa ikikata mbugani na kutokea moja kwa moja mlangoni pake, ilimpeleka mpaka kwenye ukuta wa majani na miiba uliomzidi kimo, ikakoma. Akazunguka kulia. Akazunguka kushoto. Alisikia mchi ukitwanga upande wa pili.

"Hodi!"

Mchi ukasimama.

"Nani?"

"Mimi. Salum."

Kisha mchi ukatwanga mara mbili tatu, ukasimama tena.

"Mlango uko upande wa juu," Mwanaheri akasema. "Kwa Chausiku. Zunguka."

Salum alidhani anafanyiwa mzaha. Nyumba alikuwa akiiona kupitia majani, hatua chache tu. Aliona mahali palipoonekana pepesi kidogo, akatanguliza mwavuli, kisha bega, kisha mguu. Mwiba wa mtandamboo umegawanyika mara mbili. Ukiukwepa mmoja, mwenzake anakupata. Alipofika katikati alikuwa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, na mwavuli ulikuwa umefunguka.

"Mwanaheri, nimenasa."

Alikuja akasimama upande wake wa uzio. Walitazamana kupitia matawi. Salum alikuwa amenenepa na kuota mvi kidevuni.

"Habari za siku nyingi," Mwanaheri akasema.

"Nzuri. Nitoe kwanza."

"Ulikuwa wapi?"

"Tabora. Baadaye huko mbele. Mke wangu, miiba inanichoma."

"Una mke Tabora?"

Salum alijaribu kugeuza shingo, akashindwa. Mtu aliyesimama huru angeweza kutazama pembeni, kukohoa, kuomba maji. Yeye hakuweza.

"Ninaye," akasema. "Na watoto watatu."

"Wazima?"

"Wazima."

"Alhamdulillahi," Mwanaheri akasema, na alimaanisha, ingawa ilimbidi aushike mti mmoja wa uzio mahali pasipo na miiba. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kazi ya reli imekwisha. Nilifikiri nije nione. Nilikuwa nakufikiria wewe, Mwanaheri. Na yule mtoto wetu."

"Mimi nilimfikiria peke yangu."

Mwanaheri alikwenda ndani, akarudi na kisu. Alitazama matawi yaliyomshika mume wake, yaliyokuwa ya miaka yote ile, akatazama suruali. Akaikata suruali.

Alimpa maji, akampa ugali na mlenda, akampa kaniki ya kujifunga. Kesho yake walikwenda kwa Mikidadi, na mbele ya mjomba na mwalimu wa msikitini Salum alimpa Mwanaheri talaka yake. Hawakugombana. Salum alilia kidogo. Mwanaheri alilia baadaye, uani kwa Shirin, ambaye alimsogezea tu tenga la kuchambua. Kabla ya kuondoka Salum aliomba miche michache. Tabora ni kukavu, alisema, na pale kwake kuna mbuzi wa jirani. Mwanaheri alimchagulia minane yenye afya, akamwonyesha shimo linavyochimbwa, akamkataza asiihurumie kwa maji. Salum akaipanga juu ya sanduku lake la bati, akaondoka kwa mlango wa juu.

Stambuli alisikia habari za talaka sokoni. Alingoja mpaka eda ilipokwisha. Kisha akateremka siku isiyo ya soko, bila ndizi, akapiga hodi kwenye mlango halisi.

"Leo umekuja mikono mitupu," Mwanaheri akamwambia.

"Nimekuja kuuliza jambo."

"Uliza."

Stambuli aliuliza. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema Mkwajuni, na hata hivyo hayakuwa mengi. Mwanaheri alisema anapenda, ila yeye hapandi Mgeta. Baridi ya kule haiwezi, na shamba lake haliachi. Stambuli alisema miguu yake nayo imechoka kupanda. Waliozeshwa baada ya mavuno, na Chausiku alichinja mmoja wa wale mbuzi.

Vita vya wazungu vilifika Morogoro wakati wa kiangazi, miaka miwili baadaye. Wadachi walipita wakirudi nyuma kuelekea milimani, na askari wao wakachukua mtama, kuku, na mbuzi waliosalia. Siku chache nyuma yao wakaja Waingereza na ng'ombe wa kukokota mizigo, wakataka miiba ya kuwajengea ng'ombe hao zizi. Waliukata uzio wa Mwanaheri upande wote wa mbugani, wakaukokota, wakautumia kwa muda mfupi, wakaondoka kuwafuata wenzao. Kilichobaki ni mistari miwili ya visiki.

Stambuli alisema wataanza upya kitalu. Mwanaheri alichuchumaa, akakwaruza gome la kisiki kimoja kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani.

"Ngoja mvua," akasema.

Mvua zilipokuja visiki vilitoa machipukizi, kila kimoja fungu zima, mekundu kwenye ncha. Siku moja Mwanaheri na mume wake walipita na visu kutoka mkondo wa maji mpaka kwenye kichuguu, yeye mstari wa nje, Stambuli mstari wa ndani, wakipunguza machipukizi dhaifu na kuacha yenye nguvu. Walipofika katikati waliketi wakala muhogo.